Gego la Mwisho na Taa Nyekundu: Mwanga Unatibu Nini Baada ya Upasuaji wa Taya



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo zamani lisingejaza hata safu mbili za viti: matumizi ya mwanga kuharakisha kupona baada ya kuondolewa gego la mwisho, lile linaloitwa jino la hekima. Leo ukumbi umejaa, na sababu naijua. Taa zimeanza kuuzwa. Zipo zenye umbo la kalamu, zipo za kung'ata mdomoni, zipo za kubandika shavuni kwa mkanda, na maelezo ya kila moja yanasema maneno yale yale: uvimbe unapungua, maumivu yanakwisha, kidonda kinafunga haraka. Mgonjwa aliyetoka kwenye kiti jana, shavu limejaa, hajalala, atalipa chochote.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema, ili anayetaka kupinga aanze kunoa maswali. Mwanga huu si utapeli. Una historia, una kazi unayoifanya ndani ya seli, na una wagonjwa ambao kwao umethibitika vya kutosha kuingia kwenye miongozo ya tiba. Ila mgonjwa wa gego si wa kwanza kwenye foleni hiyo.

Tuanze na taya lenyewe. Magego ya mwisho huota mtu akiwa na umri wa kati ya miaka 17 na 25 hivi, wakati taya limeshamaliza nafasi. Jino likikosa njia hulala upande, huegemea jirani yake, au hubaki nusu ndani ya mfupa na nusu nje ya fizi. Chini ya kile kipande cha fizi kinachobaki juu yake, chakula hunasa na usaha hufuata. Kulitoa si kama kung'oa jino linalolegea. Baada ya ganzi, daktari hupasua fizi na kuifunua, hupunguza mfupa kwa drili huku maji yakimiminwa ili mfupa usiungue, mara nyingi hulikata jino vipande viwili au vitatu, hutoa kipande kimoja kimoja, husafisha, kisha hushona. Mfupa umekwanguliwa, fizi imevutwa, misuli ya kutafuna imekaa imetanuka kwa muda mrefu. Mwili hujibu hilo kwa namna yake ya siku zote: mishipa midogo hufunguka, maji huvuja kwenye nyama, chembe za ulinzi hukusanyika.

Ndiyo maana uvimbe hauji siku ya upasuaji. Hupanda polepole na kufika kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka. Wagonjwa wengi hawaambiwi hivyo, wakaamka asubuhi ya siku ya pili, wakajitazama kwenye kioo, wakadhani wameharibiwa. Pamoja na uvimbe huja kukakamaa kwa taya. Mtu mzima mwenye afya huweza kuingiza vidole vyake vitatu, vimepangwa kwa wima, kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Baada ya upasuaji huu mara nyingi hubaki kidole kimoja na nusu. Kijiko cha uji kinapita kwa shida, mswaki haufiki nyuma, na mtu anaongea kwa meno yaliyobana.

Mambo matatu basi: maumivu, uvimbe, kukakamaa. Hayo ndiyo taa inaahidi kuyapunguza, na hayo ndiyo watafiti wamekuwa wakiyapima. Uvimbe hupimwa kwa utepe kutoka kwenye kinundu cha mbele ya tundu la sikio hadi pembe ya mdomo, na mwingine hadi kidevuni. Kukakamaa hupimwa kwa rula, milimita kati ya meno ya mbele. Maumivu hayana rula. Mgonjwa hupewa mstari wa sentimita 10, mwanzoni hakuna maumivu, mwishoni maumivu yasiyovumilika, aweke alama yake. Kumbukeni huo mstari. Tutaurudia.

Sasa mwanga. Kutibu kwa mwanga hakukuanza na leza. Niels Finsen, daktari aliyezaliwa Tórshavn katika Visiwa vya Faroe, alianzisha taasisi ya tiba ya mwanga mjini Copenhagen mwaka 1896, akatibu kifua kikuu cha ngozi ya uso kwa miale iliyokusanywa kwa lenzi. Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Hakukuwa na antibayotiki, na watu waliokuwa wakijificha nyuso waliweza kutoka nje.

Kisa cha pili kinatuhusu zaidi, maana matokeo yake yamo kwenye wodi zetu za watoto wachanga. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, muuguzi aitwaye Jean Ward alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto njiti uani wapate jua. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto ambaye manjano ya ngozi yake yalikuwa yamefifia, isipokuwa sehemu moja ya pembetatu iliyobaki manjano kabisa: pale palipokuwa pamefunikwa na pembe ya shuka. Madaktari walichunguza, wakatengeneza taa, na mwaka 1958 wakachapisha matokeo yao katika jarida la Lancet. Mama yeyote hapa ambaye mtoto wake alilazwa chini ya taa ya buluu kwa sababu ya manjano anadaiwa shukrani na muuguzi yule. Nakitaja kisa hiki kwa kusudi. Pale tunajua mwanga unagonga nini: unagonga bilirubini, ile rangi inayoleta manjano, unaibadilisha umbo, mwili unaitoa. Tunajua rangi ya mwanga inayofaa, tunajua nguvu yake, tunapima damu na kuona namba ikishuka. Hicho ndicho kiwango cha ushahidi ninachokitaka ninapoambiwa kwamba mwanga unatibu.

Leza ilipatikana Mei 1960, Theodore Maiman alipowasha kipande cha yakuti katika maabara ya Hughes huko Malibu, California. Miaka saba baadaye, mjini Budapest, daktari mpasuaji Endre Mester alikuwa akitafuta kujua leza inafanya nini kwa saratani. Alinyoa migongo ya panya, akawamulika. Leza yake ilikuwa dhaifu. Haikuteketeza chochote. Alichokiona ni manyoya: panya waliomulikwa waliota manyoya haraka kuliko wenzao. Mester hakulipuuza jambo hilo dogo. Aliendelea na vidonda, kwanza vya wanyama, kisha vya watu wenye vidonda vya miguu vilivyokataa kupona. Huo ndio mwanzo wa tiba tunayoizungumzia, na ndiyo maana kwa miaka mingi iliitwa tiba ya leza hafifu. Baadaye ilionekana kwamba si lazima iwe leza; diodi za kawaida, zile zinazotoa mwanga wa LED, nazo zinafanya kazi. Hata shirika la anga la Marekani, NASA, liliingia humo kupitia diodi nyekundu zilizotengenezwa kwa ajili ya kuotesha mimea angani.

Mwanga unafanya nini ndani ya nyama? Jaribu hili leo usiku. Zima taa chumbani, washa tochi ya simu, ifunike kwa vidole. Tochi ni nyeupe, lakini vidole vinawaka wekundu. Buluu na kijani vimemezwa na damu njiani. Kilichopenya ni chekundu. Na kile usichokiona, mwanga wa infraredi ulio jirani na wekundu, hupenya zaidi kidogo. Hii ndiyo sababu vifaa vya kuponyesha vidonda hutumia mwanga wa kati ya nanomita 600 na 1000 hivi. Chini ya hapo damu na rangi ya ngozi humeza mno. Juu ya hapo maji ya mwilini humeza.

Mwanga ukishapenya, maelezo yanayokubalika na wengi, yaliyojengwa kwa sehemu kubwa na kazi ya Tiina Karu huko Urusi, ni kwamba mwanga hupokewa na kimeng'enya kimoja kilichomo ndani ya mitokondria, chenye chembe za shaba, ambacho ni hatua ya mwisho ya seli kutumia oksijeni. Seli iliyojeruhiwa huwa imezubaa. Kimeng'enya hicho kimezibwa na gesi ya oksidi ya nitriki. Mwanga unaaminika kuisukuma gesi hiyo pembeni, seli ikarudi kuzalisha nishati, na mishipa ya jirani ikapanuka kidogo. Nasema unaaminika kwa sababu wataalamu bado wanabishana juu ya sehemu za hadithi hii. Kinachoonekana maabara mara kwa mara ni kwamba seli zilizomulikwa kwa kipimo sahihi huzaana na kuhama haraka zaidi.

Kipimo sahihi. Hapo ndipo penye mgogoro wote.

Tiba ya mwanga ina tabia inayomsumbua mtu aliyezoea dawa. Mwanga ukiwa kidogo hakuna kinachotokea. Ukiwa wa kadiri, seli zinachangamka. Ukizidi, seli zinazubaa au zinadhurika. Mkulima wa mahindi anaielewa habari hii akifikiria mbolea ya chumvichumvi: konzi moja mche unanyanyuka, ndoo nzima unaungua. Kwa hiyo yule anayekuambia kaa na taa saa nzima badala ya dakika moja, ndiyo upone zaidi, hajui anachokiuza.

Hesabu yenyewe si ngumu. Nguvu ya taa hupimwa kwa wati, nishati kwa juli, na juli ni wati mara sekunde. Kalamu ya leza ya miliwati 100, ukiishika sehemu moja kwa sekunde 40, imetoa juli 4. Lakini juli 4 zimeenea wapi? Zikienea kwenye eneo la sentimita moja ya mraba, kipimo ni juli 4 kwa sentimita ya mraba. Ncha ya kalamu ikiwa nyembamba, eneo ni sehemu ya kumi ya hiyo, kipimo ni juli 40. Kifaa kile kile, sekunde zile zile, tofauti mara kumi. Halafu ongeza mahali: daktari mmoja anamulika kutoka ndani, karibu na nyuzi, pale utando wa kinywa ni mwembamba, mwingine anamulika kutoka nje, mwanga uvuke ngozi, mafuta na msuli mnene wa kutafuna. Ongeza idadi: huyu mara moja tu baada ya kushona, yule kila siku kwa siku kadhaa. Mtu anayesema "leza inasaidia" bila kutaja haya hajasema kitu, na anayesema "leza haisaidii" naye vivyo hivyo.

Kuna jambo moja hapa ambalo nataka sisi tulishike kuliko watu wengine, maana hakuna atakayelishika kwa niaba yetu. Melanini humeza mwanga. Ngozi nyeusi humeza zaidi, hasa mwanga mwekundu, na kidogo zaidi ya ngozi nyeupe hata kwenye infraredi. Fizi zetu wengi pia zina weusi wake. Majaribio mengi ya mwanga na magego yametoka Brazili, Uturuki, Iran na Ulaya. Kipimo kilichofaa kwenye shavu jeupe la Istanbul hakiwezi kuhamishwa kama kilivyo kwenye shavu la Morogoro: kinaweza kufika pungufu ndani, na kuacha joto zaidi juu ya ngozi. Jambo kama hili tumeshaliona kwenye kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni, ambacho nacho hutumia mwanga mwekundu na infraredi. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi mara nyingi zaidi kuliko kwa weupe. Kifaa kilikuwa kimetumika hospitalini kwa miongo. Anayetaka kumulika kinywa kutoka nje atumie infraredi badala ya nyekundu, na bora zaidi amulike kutoka ndani.

Tuje kwenye majaribio. Gego la mwisho ni zawadi kwa mtafiti. Watu wengi wana magego mawili ya chini yaliyolala kwa namna moja, kushoto na kulia. Upasue moja leo, jingine baada ya wiki kadhaa. Upande mmoja umulike, upande mwingine shika kifaa kile kile kikiwa kimezimwa, kikilia mlio ule ule. Mgonjwa hajui, na anayempima hajui. Mtu anakuwa mpinzani wa nafsi yake: umri ule ule, mwili ule ule, woga ule ule. Ni vigumu kupata jaribio safi kuliko hilo katika tiba yote ya binadamu.

Na matokeo? Yamegawanyika. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 1993 katika British Journal of Oral and Maxillofacial Surgery halikuona tofauti. Yaliyofuata, hasa ya baada ya mwaka 2000, mengi yaliona nafuu. Mwaka 2012 Romina Brignardello-Petersen na wenzake waliyaunganisha majaribio yaliyokuwapo, wakakuta kwamba leza haikuleta faida ya kuaminika kwa maumivu wala uvimbe, ila taya lilifunguka milimita chache zaidi. Mapitio ya baadaye, yakiwa na majaribio mengi zaidi, yameonyesha nafuu hata kwa maumivu na uvimbe, lakini waandishi wake karibu wote wanalalamika jambo moja: majaribio ni madogo, vipimo vya mwanga havifanani, na mengine hayakuficha vizuri nani kamulikwa na nani hakumulikwa.

Mimi huyasoma hivi. Faida kwenye kufunguka kwa taya naiamini, kwa sababu inajirudia na kwa sababu rula haina huruma. Faida kwenye uvimbe inawezekana, ndogo. Faida kwenye maumivu ndiyo ninayoitilia shaka zaidi, na hapo narudi kwenye ule mstari wa sentimita 10. Mgonjwa aliyeitwa tena kliniki, akakalishwa, akavalishwa miwani ya kinga, daktari akainama juu yake na kifaa kinachong'aa na kulia taratibu, akaulizwa hali yake kwa upole, huyo atausogeza mkono wake upande wa nafuu hata taa ikiwa imezimwa. Hilo si kosa la mgonjwa. Kuhudumiwa kunapunguza maumivu. Kliniki nyingi humpa mgonjwa karatasi ya dawa na kumfungulia mlango; ukilinganisha na hilo, hata taa ya mezani ingeleta nafuu.

Mgonjwa mmoja, mama wa makamo, aliwahi kuniuliza huku akielekeza kidole kwenye meza ya vyombo: "Daktari, na mimi si unimulike na ile tochi ya buluu? Jirani yangu alimulikwa, jino likapona siku hiyo hiyo." Tochi ya buluu ni ya kugandisha dawa ya kuzibia jino. Mwanga wake ni wa nanomita 470 hivi. Unafanya plastiki laini iwe ngumu, basi. Haupenyi fizi kwa maana yoyote ya tiba, na ukiuelekeza hapo muda mrefu unaleta joto bure. Nilimweleza. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Sawa mwanangu, lakini wewe mulika tu." Nawasimulia hili kwa sababu soko la taa limesimama juu ya imani hiyo, na imani hiyo haikuletwa na wauzaji. Waliikuta.

Kinachoamua kupona kwa mgonjwa wa gego, kwa sehemu kubwa, ni damu iliyoganda ndani ya tundu. Bonge hilo ndilo kitanda ambacho nyama mpya inaota juu yake. Likitoka mapema, mfupa unabaki wazi, na siku ya tatu au ya nne, wakati maumivu yalipaswa kupungua, yanapanda ghafla hadi sikioni, na kinywa kinatoa harufu. Hilo ni tundu kavu, lililoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza na mtaalamu aitwaye Crawford mwaka 1896. Hutokea zaidi kwenye magego ya chini, zaidi kwa wavuta sigara. Taa haikuzuii kulipata ukitoka kliniki ukapitia kibanda cha shisha.

Kwa hiyo, siku ya kwanza: bana gozi kwa nusu saa hadi saa nzima bila kuchungulia kila dakika. Usiteme mate kwa nguvu, usisukutue, usinyonye kwa mrija, usivute. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa shavuni, iwekwe na kuondolewa, haina gharama na haimdhuru mtu. Kuanzia siku ya pili, maji ya uvuguvugu yenye chumvi, taratibu, baada ya kula. Klorheksidini ya kusukutua au ya kupaka imeonyeshwa na mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaounganisha na kupima majaribio ya tiba, kupunguza tundu kavu. Kwa maumivu, mapitio ya Cochrane ya mwaka 2013 yalionyesha kwamba ibuprofeni miligramu 400 inashinda parasetamoli miligramu 1000 katika upasuaji huu huu, na kuzitumia zote mbili pamoja kunaonekana kuwa bora kuliko moja. Mwenye vidonda vya tumbo, figo dhaifu, pumu inayoamshwa na dawa hizo, au ujauzito, asiguse ibuprofeni bila kumuuliza daktari. Sindano ya deksamethasoni anayoitoa mpasuaji wakati wa upasuaji inapunguza uvimbe na kukakamaa, na bei yake hailingani hata na betri ya hizo kalamu za leza.

Antibayotiki je? Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2021 yalikadiria kwamba watu 19 wapewe antibayotiki ili mmoja wao aepuke maambukizi. Wale 18 wengine wamezimeza bila faida hiyo, na madhara wamebeba. Kila mtu apime mwenyewe. Mimi simwandikii kila mgonjwa.

Na kabla ya hayo yote kuna swali: je, gego hilo lilistahili kutolewa? Uingereza, kupitia taasisi yake ya miongozo NICE, iliamua tangu Machi 2000 kwamba magego yaliyokwama lakini hayana ugonjwa yasiondolewe kwa kinga tu. Wapo wanaopinga, hasa Marekani. Lakini uvimbe rahisi kuutibu kuliko wote ni ule wa upasuaji ambao haukufanyika.

Sasa hatari. Kliniki ikitumia leza hizi, nyingi ni za daraja la 3B, yaani kati ya miliwati 5 na 500. Hazichomi ngozi ukizitumia ipasavyo, lakini zinaweza kuharibu jicho milele, na ile ya infraredi haionekani, hivyo kope halifumbi kwa hofu. Miwani ya kinga, ya rangi inayolingana na leza yenyewe, avae mgonjwa, avae daktari, avae na msaidizi. Kliniki isiyo na miwani hiyo, ondoka.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi huku kwetu. Siyo kila shavu lililovimba ni la upasuaji, wala si kila jino linalolegea linalegezwa na ufizi mbovu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya kwa watoto ambao leo unabeba jina lake. Mara nyingi dalili ya mwanzo nyumbani ni meno ya mtoto kulegea. Kwa watu wazima kuna ameloblastoma, uvimbe wa taya unaopenda sehemu ile ile ya nyuma ambako gego la mwisho linakaa, unaokua kwa miaka bila kuuma. Mwanga uliokusudiwa kuchangamsha seli usiwekwe juu ya uvimbe ambao haujajulikana. Na ule uvimbe wa usaha unaoshuka chini ya taya, ulimi ukanyanyuka, mtu akashindwa kumeza mate yake, huo ni wa kukimbizwa hospitali usiku huo huo, kwa pikipiki kama hakuna gari. Kila saa anayokaa nyumbani akijimulika ni saa ya njia ya hewa inayoziba.

Nimesema mwanga una wagonjwa wake. Ni akina nani? Ni wanaotibiwa saratani. Mtu anayepigwa mionzi ya kichwa na shingo, au anayepewa dawa kali kabla ya kupandikizwa uboho, utando wa kinywa chake huchubuka wote, kuanzia midomo hadi kooni. Mate yanakuwa mazito, maji ya kunywa yanachoma, chakula kinakuwa adhabu. Wengine hulazimika kulishwa kwa mpira. Wengine mionzi husimamishwa, na katika saratani hizi kila siku mionzi inaposimama, saratani inapata nafasi. Kwa wagonjwa hawa, mwanga mwekundu unaowekwa ndani ya kinywa kwa kipimo maalumu, kabla vidonda havijatokea na kuendelea wakati wa matibabu, umepunguza vidonda vikali. NICE iliukubali mwaka 2018. Mwongozo wa MASCC/ISOO, vyama vya kimataifa vya huduma saidizi na afya ya kinywa kwa wagonjwa wa saratani, uliochapishwa mwaka 2020 unaupendekeza, na unataja nanomita, juli na siku. Yaani unasema yale yote ambayo muuzaji wa kalamu ya gego hawezi kukuambia.

Kwa hiyo anayeuliza kama anunue taa ya nyumbani baada ya kutolewa gego, jibu langu ni hapana. Fedha hiyo iende kwenye picha ya eksirei nzuri kabla ya upasuaji na mpasuaji mwenye mkono uliozoea. Kliniki binafsi ikikupa mwanga bila kukuongezea bili, pokea, ukiuliza mambo manne: ni nanomita ngapi, ni juli ngapi, wapi utamulikwa, na miwani iko wapi. Akijibu kwa kuonyesha tangazo, mshukuru na umwambie nyuzi zinatosha.

Kwa wenzangu wa vyuo vya meno, Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na kwingineko, tunalo jaribio ambalo hakuna atakayetufanyia: magego mawili, mtu mmoja, ngozi yetu, kipimo kilichoandikwa. Halihitaji mashine ya mabilioni. Linahitaji rula, utepe, kifaa kimoja chenye cheti cha kipimo, na ukweli wa kuchapisha hata matokeo yakiwa sifuri.

Na kwa wanaokaa kwenye kamati za ununuzi za hospitali za umma: mkiletewa kabrasha la leza ya kuponyesha vidonda vya kinywa, lisilipiwe kwa jina la magego. Lipelekeni kwanza wodi ya saratani, kwa wagonjwa wa mionzi ya kichwa na shingo, na lisainiwe huko likiwa na bajeti ya kumfundisha muuguzi atakayekishika kifaa kila asubuhi.